Pima kwanza, ndipo ununue: kutafuta kosa kwenye umeme wa plagi za hita

Gari la dizeli laweza kukaa Mombasa mwaka mzima na plagi mbili za hita zilizokufa, na mwenyewe asitambue. Joto la hapa linamsitiri. Hata usiku wa Julai, kusi ikivuma, ni nadra baridi kushuka sana chini ya nyuzi 20. Injini ambayo ingegoma kabisa alfajiri ya Limuru, huku kwetu hutikisika kidogo, ikatoa moshi mweupe, ikatulia. Siku gari likikodiwa kupeleka maharusi Nairobi au mzigo Wundanyi, likalala huko juu, asubuhi yake ndiyo balaa: stata inazunguka mpaka betri inachoka na injini haiitiki.

Jambo la pili la pwani ni chumvi. Gari linalolala Nyali karibu na ufuo, au linalovuka Likoni kila siku, nyaya zake huoza kutokea ndani. Ukichuna ganda la plastiki unakuta shaba imekuwa unga wa kijani. Ndiyo maana mteja akiniambia, "Fundi, hita zimekufa, nibadilishie zote nne," jibu langu ni, "Ngoja tupime kwanza, babangu." Mara nyingi plagi ni nzima, na kilichokufa ni fyuzi, rilei (swichi inayovutwa na umeme), lagi (kichwa cha chuma mwishoni mwa waya) au athi (njia ya umeme kurudi betrini). Mwenye gari akinunua plagi nne mpya na kosa liko kwenye waya, amelipa pesa na tatizo lake bado analo.

Hita inafanya kazi gani, na nani anaihitaji

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inavuta hewa, inaibana mpaka inakuwa moto mkali, halafu nozeli inapuliza dizeli ndani ya hewa hiyo na mafuta yanajiwasha yenyewe. Dizeli hujiwasha kuanzia kama nyuzi 210 za Selsiasi. Injini ikiwa baridi, chuma cha silinda na hedi (kifuniko chake cha juu) kinanyonya joto la hewa iliyobanwa kabla mafuta hayajashika. Hita huziba pengo hilo. Ncha yake hufika nyuzi 800 hadi 1,000 katika sekunde chache, na dizeli inapoigusa au kupita karibu yake inapata pa kuanzia kuungua.

Si injini zote zinazoitegemea sawasawa. Toyota 2L, 3L, 5L, 1KZ-TE na 1HZ, pamoja na Nissan TD27, huchoma mafuta kwanza ndani ya kichumba kidogo kilicho kwenye hedi, na kichumba hicho hupoteza joto haraka. Hizi husumbua hita zikifa hata hapa Mombasa. Isuzu 4JB1, Toyota 1KD na 2KD hupuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo kwa hali ya hewa yetu huwaka bila hita na kosa hujificha. Malori mengi makubwa hayana plagi za hita kabisa. Mengine huwa na gridi ya kupasha hewa kwenye manifoldi, mengine hayana lolote. Angalia injini yako kabla hujauziwa kitu ambacho haina.

Hakikisha kosa ni la hita

Moshi ni shahidi mzuri. Piga stata injini ikiwa baridi huku mtu mwingine akitazama ekzosi. Moshi mweupe au wa kijivu wenye harufu kali ya dizeli mbichi, unaotoweka injini ikishapata joto, maana yake mafuta yanafika silindani lakini hayaungui. Hapo hita ni mshukiwa halali. Kama hakuna moshi hata kidogo wakati stata inazunguka, mafuta hayafiki, basi achana na hita ukatazame pampu, chujio na swichi ya kukata mafuta. Moshi mweupe usioisha hata injini ikiwa moto, na maji ya rejeta yanapungua, hilo ni la gasketi ya hedi. Moshi wa bluu ni oili.

Betri nayo ipimwe mapema. Ikiwa imelala usiku bila kuguswa inapaswa kuonyesha karibu volti 12.6, na stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6. Betri dhaifu huharibu mambo mara mbili: inazungusha injini polepole, kwa hiyo hewa haibanwi ikapata joto, na inazinyima hita umeme.

Kuna kosa jingine linalofanana sana na la hita, nalo ni hewa kuingia kwenye paipu ya dizeli. Gari linawaka vizuri mchana, likilala mafuta yanarudi tangini, asubuhi shida. Kulitenganisha ni rahisi. Asubuhi, kabla ya kugusa swichi, piga kwa mkono ile pampu ndogo iliyo juu ya chujio la dizeli mpaka iwe ngumu, kisha washa. Likishika mara moja, una paipu inayovuta hewa, na mwongozo huu si wako.

Jaribio la mwisho kabla ya kushika spana: fungua swichi (zungusha ufunguo bila kupiga stata), subiri taa ya hita izime, funga, fungua tena, subiri tena, halafu washa. Likiwaka vizuri zaidi ya kawaida, joto linatengenezwa ila halitoshi. Pengine plagi moja au mbili zimekufa, au umeme unafika pungufu. Lisipobadilika hata kidogo, yaelekea hakuna joto kabisa, na kosa likatafutwe kwenye fyuzi au rilei.

Ile taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi usiiamini. Katika magari mengi ya zamani inaendeshwa na saa ya kontrola (kisanduku kinachoamuru hita ziwake na kuzima), na itawaka na kuzima vilevile hata ukizing'oa plagi zote ukaziweka kabatini. Tena kwa joto la Mombasa yaweza kuonekana kwa nusu sekunde tu, kwa sababu sensa ya maji imeiambia kontrola injini si baridi. Hilo si kosa.

Vifaa

Mita ya umeme ya kawaida, taa ya kupimia yenye globu ya wati 21, spana namba 8 na 10, soketi ndefu ya saizi ya plagi zako, msasa laini, brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu. Ukiweza kupata klampu-mita (inayokumbatia waya na kusoma ampea bila kuukata), kazi inakuwa nusu, lakini iwe inayopima umeme wa DC. Zile za bei nafuu zinazotumiwa na mafundi wa umeme wa nyumba hupima AC tu, na kwenye gari zitakuonyesha sifuri ukadhani plagi zote zimekufa.

Tahadhari mbili. Ule ukanda wa chuma unaounganisha vichwa vya plagi hupata umeme wa betri kupitia waya mnene, na spana ikigusa ukanda na bloku kwa pamoja itatoa cheche za kutisha na huenda ikaunguza mkono. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kufungua nati yoyote hapo. Ya pili ni kuhusu zile dawa za kupuliza kwenye chujio la hewa, au kitambaa kilicholoweshwa petroli: usivitumie kwenye injini yenye hita. Mvuke ukikutana na ncha iliyokuwa nyekundu unalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni au pete zake ndizo zitakazolipa.

Hatua ya kwanza: pima kwenye ukanda

Mafundi wengi huanza na plagi, wengine huanza na rilei. Mimi naanza katikati, kwenye ukanda, kwa sababu kipimo kimoja pale kinagawa mzunguko mzima mara mbili na kukuambia uelekee upande gani.

Injini iwe baridi. Weka mita kwenye DC volti 20. Waya mweusi uende kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, mwekundu uguse ukanda. Mwenzako afungue swichi bila kupiga stata. Soma katika sekunde chache za mwanzo, kwa sababu kontrola yaweza kukata mapema. Kwenye magari mengi ya zamani ukichomoa konekta ya sensa ya joto ya mfumo wa hita, kontrola hudhani kuna baridi kali na huziwasha kwa muda mrefu zaidi, nawe ukapata nafasi ya kupima. Kwenye gari la kompyuta kufanya hivyo kutaacha kodi ya kosa (namba ya kosa kwenye kompyuta), kwa hiyo usisahau kuifuta.

Ukisoma volti 11 na kidogo, na ukaona betri nayo imeshuka kutoka 12.6 hadi karibu 12, umeme unafika na plagi zinakula. Njia ni nzima; nenda kapime plagi moja moja.

Ukisoma sifuri, kosa liko nyuma ya ukanda.

Ukisoma 12.5 na betri haijatikisika hata kidogo, hapo pana habari. Umeme umefika, lakini hakuna anayeukula. Plagi nne zenye afya huvuta ampea nyingi kiasi kwamba lazima betri ishuke. Isiposhuka, plagi zote zimekufa, au ukanda haugusi vichwa vya plagi kwa sababu ya kutu chini ya nati.

Ukisoma 8 au 9 huku betri ikiwa na 12, umeme unapotea njiani. Hii ndiyo hali ya pwani hasa, na nitaizungumza kwa kirefu.

Kabla ya kuendelea, funga swichi uguse ukanda tena. Lazima iwe sifuri. Ukikuta volti 12 swichi ikiwa imefungwa, rilei imeganda: hita zinawaka usiku kucha, betri inakwisha, na plagi zinaungua. Yule anayelalamika kwamba betri yake mpya inakwisha kila usiku, huwa nampima hapa kwanza.

Hakuna umeme kwenye ukanda: rudi nyuma

Anza na fyuzi. Ya hita ni kubwa, mara nyingi ampea 50 hadi 80, na huwa kwenye boksi la fyuzi karibu na betri au ni kipande cha waya maalumu kinachoyeyuka. Usiihukumu kwa macho. Yaweza kuonekana nzima huku imepasuka mguuni kwa kutu. Pima volti upande wa kuingia na upande wa kutokea; pande zote mbili zionyeshe volti za betri.

Kisha rilei. Rilei ya kawaida ina miguu minne. Wa 30 unapokea umeme mnene kutoka fyuzi, wa 87 unaupeleka kwenye ukanda, na 85 na 86 ni za koili inayovuta. Swichi ikifunguliwa utasikia kishindo kidogo. Usiposikia, pima koili: kati ya 85 na 86 kuwe na volti 12 swichi ikiwa wazi. Zikiwepo na rilei haivuti, rilei imekufa. Zisipokuwepo, rilei haina kosa, haijapewa amri; fuata waya wa amri mpaka kwenye kontrola, ukague fyuzi yake ndogo, athi yake, na konekta ya sensa ya maji.

Kishindo pekee hakitoshi. Rilei yaweza kulia vizuri huku sahani zake za ndani zimeungua. Ikiwa imewashwa, weka waya mmoja wa mita kwenye 30 na mwingine kwenye 87. Rilei nzuri huonyesha karibu sifuri, isizidi volti 0.3. Ukiona volti 1 au 2, joto lako linabaki ndani ya rilei badala ya silindani, na ukiigusa utaisikia imepata moto.

Unaponunua rilei, usikubali ile ndogo ya honi au taa ya ampea 30. Itafanya kazi siku mbili tatu, kisha iungue au igande. Hita nne huvuta zaidi ya ampea 60 sekunde ya kwanza.

Umeme unafika umechoka

Hapa ndipo chumvi inapokula. Waya ukiwa na nyuzi chache tu zilizobaki utapitisha volti 12 kamili wakati hakuna mzigo, na taa ya kupimia itawaka vizuri kabisa. Ukiupa mzigo wa ampea 50, unazama. Kwa hiyo kupima bila mzigo ni kujidanganya. Hita ziwe zimewashwa, na mita ipime kinachopotea kati ya pointi mbili.

Weka mwekundu kwenye nguzo chanya ya betri na mweusi kwenye ukanda, hita zikiwaka. Namba utakayoona ni volti zilizopotea njiani. Chini ya 0.5 ni sawa kwa gari la umri. Ikizidi 1, sogeza ule mweusi kipande kwa kipande kurudi betrini: baada ya rilei, kabla ya rilei, baada ya fyuzi, kwenye lagi ya betri. Mahali ambapo namba inaanguka ghafla, umeshalipita kosa. Liko katikati ya pointi hiyo na iliyotangulia.

Ukilipata, usiridhike kukaza nati. Fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe pande zote mbili, kata waya uliooza hadi ufike kwenye shaba nyekundu inayong'aa, funga lagi mpya ya kubanwa vizuri, kaza, kisha ndipo upake grisi au vaselini juu kuzuia chumvi. Ukipaka grisi kabla ya kukaza nayo ikajaa katikati ya vyuma vichafu, hujafanya kitu.

Athi nayo ina njia yake, na husahaulika. Plagi hurudisha umeme kupitia uzi wake wa skrubu hadi kwenye hedi, kutoka hedi hadi bloku, kisha waya wa athi hadi betri. Mwekundu uguse chuma kisafi cha hedi, mweusi nguzo ya hasi ya betri, hita zikiwaka. Isizidi 0.2. Mwenzako akipiga stata isizidi 0.5. Ikizidi, tafuta ule waya mnene unaotoka bloku kwenda chasisi na ule unaotoka betri kwenda bodi. Kwenye gari lililofanya kazi Shimanzi au Kilindini, upande wa bandarini, kwa miaka, mara nyingi ule wa bloku umebaki ganda. Kubadilisha huo mmoja kumewahi kuponya hita, stata na taa hafifu kwa mkupuo.

Plagi moja moja

Toa waya wa hasi wa betri, fungua nati ndogo zote, ondoa ukanda. Usipime ukanda ukiwa bado umefungwa: plagi zote zimeshikana, na mita itasoma zile nzima kupitia ile iliyokufa. Nimewaona wengi wakiambiwa plagi zote ni nzima kwa kosa hili.

Weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Kwanza gusanisha ncha zake mbili usome namba yake yenyewe, labda 0.2 au 0.3, uitoe kwenye kila kipimo. Kisha ncha moja kichwani mwa plagi, nyingine kwenye chuma kisafi cha hedi. Plagi ya mfumo wa volti 12 ikiwa baridi huwa chini ya omu 2, nyingi kati ya 0.5 na 1.5. Za volti 24 huwa kubwa zaidi, omu kadhaa. La muhimu kuliko namba yenyewe ni zifanane. Tatu zikiwa 0.8 na moja ikawa 3, hiyo moja inaelekea kaburini. Mita isiposoma kitu, imekatika ndani.

Huna mita? Taa ya kupimia itasaidia. Rudisha waya wa betri, ukanda ukiwa bado nje, unganisha taa kwenye nguzo chanya, ncha yake iguse kichwa cha plagi. Ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Haikuambii kama plagi inapata joto la kutosha.

Kwa hilo klampu-mita haina mshindani. Rudisha ukanda, iweke mita sifuri, ikumbatie waya unaolisha ukanda, washa hita. Kwa injini ya silinda nne ya volti 12, namba itaruka juu mwanzo, kisha ishuke itulie karibu ampea 35 hadi 50, kwani kila plagi hula kama 8 hadi 12 ikishapata moto. Ukiona robo imepungua, moja imekufa, nusu, mbili. Kipimo hiki ndicho ninachomfanyia kila anayepanda barabara ya Nairobi, maana hakihitaji baridi ili kosa lijionyeshe. Huko juu, kwenye mita 1,700 na zaidi, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya hapa, kwa hiyo hata kule kubanwa kunazaa joto dogo zaidi, kabla hujahesabu baridi yenyewe.

Mwenye Land Rover ya zamani sana ya dizeli azingatie: baadhi yake plagi zimefungwa kwa mfululizo, umeme unapita moja hadi nyingine. Moja ikikatika zote huzima, na hesabu zangu za hapo juu hazimhusu.

Kuzitoa bila kuvunja

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Plagi iliyokaa miaka kumi kwenye hedi ya aluminiamu ikivunjika ndani, utashusha hedi kwa ajili ya kipande cha chuma cha urefu wa kidole.

Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Asubuhi washa injini ipate joto lake kamili, zima, kisha jaribu ikiwa bado moto. Tumia mkono mfupi, si bomba la kurefusha spana. Plagi ya uzi wa M10 isipewe zaidi ya nyutoni-mita 35 wakati wa kutoa. Ile nyembamba ya M8 isizidi 20. Ikigoma, rudisha kidogo upande wa kukaza, legeza, kaza, ongeza mafuta, subiri. Ikiendelea kugoma na injini inawaka, iache ukampe mwenye vifaa vya kazi hiyo.

Ikitoka, isome ncha yake. Ncha kavu yenye masizi membamba ni ya kawaida. Iliyolowa dizeli yasema nozeli ya silinda hiyo inadondosha. Iliyoyeyuka, iliyovimba au iliyokatika kwa kawaida haikujiua: nozeli mbovu inaipigia mkondo wa mafuta, au taimingi ya pampu imewekwa mbele mno. Ukiweka mpya bila kushughulikia hilo, itafuata ndugu yake.

Kuijaribu nje, ibane kwenye jiliwa, athi kwenye mwili wake, chanya kichwani kupitia waya wa jampa. Kabla ya hapo soma volti zilizoandikwa kwenye mwili. Ya volti 11 au 12 ipe betri kwa sekunde kumi tu. Nyekundu ianze kwenye ncha. Ikianza karibu na uzi wa skrubu na ncha ikabaki nyeusi, ni mbovu hata kama omu zake zilikuwa nzuri. Ya volti 6, au zile za seramiki zinazotumia 4 hadi 7, usiiguse kwa betri ya 12. Itapasuka mbele ya macho yako. Ya seramiki ikidondoka sakafuni mara moja, hata kama haionyeshi ufa, usiirudishe. Kipande chake kikivunjika ndani ya silinda hasara ni kubwa.

Wakati wa kufunga, safisha tundu, anza kwa vidole mpaka uzi ushike, kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari. Plagi nyingi za M10 hazitaki zaidi ya nyutoni-mita 12 hadi 18, na ile nati ndogo ya juu inahitaji kukazwa kwa spana fupi iliyoshikwa kwa vidole viwili tu.

Swichi ya kubonyeza

Utaona matatu na Land Cruiser nyingi zikiwa na kitufe kilichofungwa na fundi, dereva anahesabu mpaka kumi kisha anawasha. Silichukii, mradi kontrola imekufa na haipatikani. Kwenye 5L au 1HZ yenye plagi za volti za betri hufanya kazi vizuri, ikiwa kitufe kinavuta rilei ya ampea 70 au zaidi, waya ni mnene, na fyuzi ipo karibu na betri. Kitufe kisipitishe umeme wa hita chenyewe, kitayeyuka. Baadhi ya Toyota za zamani zina plagi za volti 6, rilei mbili na kizuizi cha kushusha volti. Ukizifungia kitufe cha moja kwa moja, utakuwa unazichoma kila asubuhi.

Gari la kompyuta

Kwenye 1KD, 2KD na za baada yake, anza na mashine ya kusoma kodi. P0380 ni mzunguko wa hita kwa jumla, P0670 ni kontrola, na P0671 hadi P0674 zinataja silinda ya kwanza hadi ya nne. Kodi inataja mzunguko, haitaji plagi. P0672 yaweza kuwa plagi ya pili, waya wake au konekta iliyojaa kijani. Hamisha plagi ya pili iende ya tatu, futa kodi, washa tena asubuhi. Kodi ikihamia P0673, plagi ndiyo mbaya. Ikibaki P0672, chunguza waya. Baadhi ya kontrola hutuma umeme kwa mapigo ya haraka, na mita ya kawaida itasoma volti 5 au 6. Usihangaike kutafuta zilizopotea, ndivyo zilivyokusudiwa.

Mpya zikifa tena

Plagi mpya zikiungua ndani ya miezi michache, usirudi dukani kununua nyingine kabla ya mambo manne. Pima chaji ya jenereta injini ikizunguka. Ikizidi volti 14.8, rekebisha hiyo kwanza. Pima ukanda injini ikiwa moto imewaka kwa dakika kadhaa. Kukiwa bado na umeme, rilei au kontrola haikati. Linganisha namba na volti zilizoandikwa kwenye plagi mpya na zile za zamani, kwa sababu plagi za volti 6 na za volti 11 zaweza kuwa na uzi na urefu uleule na zikauzwa kwenye kijiboksi kinachofanana. Na kama inayokufa ni ya silinda moja tu kila mara, toa nozeli ya silinda hiyo upeleke kwa fundi wa pampu aipime jinsi inavyopuliza.